Matangi sita ya lita 1,000: lipi la dizeli, lipi la maji, lipi lirudi kwa muuzaji

"Assalam alaikum. Nina malori matatu hapa Miritini. Nimenunua matangi sita ya plastiki, yale meupe ya lita 1,000 yenye fremu ya chuma, kwenye godauni moja la Shimanzi. Muuzaji anasema yalitoka kwa watu wa kuchimba mafuta. Mawili yana lebo ya namba 1824, moja 1789, na matatu lebo zimebanduliwa. Moja kati ya hayo matatu lanuka kama samaki aliyelala. Nataka mawili ya dizeli yadini kwangu, mawili niyajaze dizeli nimpelekee mwanakandarasi Turkana, na mawili nitie maji nyumbani maana mfereji huku watoka siku moja kwa wiki. Fundi ameniambia niyaoshe kwa Omo na Jik, nisuuze mara tatu, kwisha. Ni sawa?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya jengine lolote, mwambie fundi aiweke hiyo Jik chini. Namba 1789, katika namba za Umoja wa Mataifa za kutambulisha kemikali hatari, ni asidi ya haidrokloriki, ambayo kwenye visima vya mafuta hutumika kuyeyusha mawe ya chokaa ili mafuta yapite. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ni sodiamu haipokloraiti. Vitu hivi viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo hushambulia koo na mapafu. Mdomo wa juu wa tangi hilo una upana wa sentimita 15 hivi, kwa hiyo anayemimina dawa humo huinama uso wake ukiwa juu ya shimo lenyewe. Masalio ya asidi yaliyobaki kwenye kona karibu na valvu hata hayafiki kikombe, lakini yanatosha kumwangusha mtu.

Wasiwasi wako, nikikuelewa, ni kama tangi likioshwa vizuri huwa ni tangi tu, litumike kwa lolote. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu plastiki ya matangi haya, polithini nzito, haiishi na kila kitu kwa namna moja. Kemikali za chumvichumvi zilizoyeyushwa kwenye maji, kama kostiki soda (hiyo ndiyo 1824) na asidi yako ya 1789, hukaa zaidi juu ya ukuta wa plastiki, haziingii ndani sana. Maji mengi huziondoa. Lakini vitu vya jamii ya mafuta, yaani dizeli, viyeyushi, dawa za kuzuia kutu kwenye mabomba, dawa za kutenganisha maji na mafuta ghafi, hivyo plastiki huvinywa. Huingia ndani ya ukuta, na baadaye hutoka polepole kwa wiki na miezi, hata uwe umesugua kwa sabuni gunia zima. Kwa hiyo lile tangi lenye lebo ya kutisha lenye fuvu au mkono ulioungua mara nyingi husafishika vizuri kuliko lile lisilo na lebo lenye harufu kidogo tu.

Na hiyo harufu ya samaki yasema kitu. Kemikali za jamii ya amini hunuka hivyo, na amini ndizo zilizojaa kwenye dawa za kuzuia kutu na za kunyonya gesi ya haidrojeni salfaidi visimani. Pua yako si maabara, lakini imekwambia tangi hilo lilibeba kitu ambacho plastiki imekinywa.

Sasa shuka chini uangalie kibati au maandishi yaliyopigwa chapa kwenye fremu. Utaona kitu kama 31HA1/Y/03 21. Namba 31 ni tangi gumu la vimiminika, H ni plastiki ndani, A ni chuma nje. Herufi inayofuata, X, Y au Z, ni kiwango cha hatari ambacho tangi lilijaribiwa kukibeba: X ni kwa vitu vikali mno na vya chini yake, Y ni vya kati na vya chini, Z ni vya chini peke yake. Dizeli imo kundi la chini, kwa hiyo yoyote kati ya herufi hizo yatosha. Halafu tarehe: 03 21 ni Machi 2021. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha shehena hatari zaruhusu chupa ya plastiki ya aina hii, yaani tangi lenyewe lililo ndani ya fremu, ibebe vitu hatari kwa miaka mitano tangu kutengenezwa, na katikati, kila miaka miwili na nusu, lipimwe kuvuja na kukaguliwa. Muuzaji wa mtumba atakwambia "bado jipya hili" huku kibati chasema lilishazeeka. Kibati kikiwa kimekwanguliwa, chukulia limepita.

Tangi likipita miaka mitano halipasuki siku hiyo hiyo. Kinachofanyika ni jua. Chukua kitambaa cheusi, usugue ukuta wa upande uliokuwa ukitazama jua. Kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, plastiki imeanza kuoza juu. Kisha pitisha kidole pale vyuma vya fremu vinapogusana na chupa, hasa pembe za chini, utafute mikwaruzo na nyufa nyembamba kama unywele. Tangi lililosafiri kwa lori hukwaruzika hapo hapo kila linapotikisika.

Sehemu ambayo hakuna aliyekwambia, na ndiyo itakayokumwagia dizeli, ni raba. Pale valvu inapofungwa kwenye tangi, na ndani ya valvu yenyewe, na kwenye kifuniko cha juu, mna gasketi. Matangi ya kostiki soda kwa kawaida hufungwa raba ya EPDM, kwa sababu raba hiyo yastahimili kostiki na asidi nyingi. Lakini EPDM ikilowa dizeli huvimba na kulainika kama mkate ndani ya chai. Mwanzo valvu huwa nzito kufungua, baadaye huanza kutoa jasho, kisha siku moja asubuhi wakuta dimbwi. Kwa dizeli wataka raba ya naitrili au ya FKM, ambayo mafundi wengi huiita Viton. Usiamini rangi, kwani zote huweza kuwa nyeusi. Kata kipande kidogo cha raba ya zamani, upime urefu wake kwa rula, kiweke ndani ya chupa ya dizeli siku tatu, upime tena. Kikiwa kimerefuka na kulegea, badilisha raba zote tatu, usibadilishe ya valvu peke yake. Kosa la kawaida ni kusahau ya kifuniko kwa kuwa "haigusi mafuta". Mvuke waigusa, na lori likipiga breki mafuta yenyewe huigusa.

Nje ya valvu pana kifuniko cha kuzungusha chenye uzi mpana wa milimita 60. Kwenye mitumba mara nyingi kimepotea. Hicho si pambo. Kwa shehena hatari, valvu yahesabiwa kuwa kufuli ya kwanza na kifuniko hicho ni ya pili. Mkono wa valvu ukigongwa na tawi, jiwe au mguu wa turnboy, kifuniko ndicho kinachobaki.

Kuhusu dizeli yadini, nakwambia wazi: tangi la chuma lenye kuta mbili ni bora kuliko haya, hasa kwa sababu ya moto. Plastiki ikishikwa na moto huyeyuka kwa dakika chache na lita zote 1,000 humwagika kwa pamoja zikiwaka, ilhali chuma husimama kwa muda. Ukiamua kutumia plastiki, iwe kwa dizeli peke yake, na kwa muda, si hifadhi ya miaka. Petroli usiiweke kabisa, na mafuta ya taa vilevile. Dizeli huanza kutoa mvuke wa kushika moto ikifika nyuzi 55 na zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa Mombasa iko tayari saa zote.

Jambo linalohusiana na hilo ni umemetuli. Mafuta yakipita kwa kasi kwenye bomba hujikusanyia chaji, na plastiki ya kawaida haiwezi kuipeleka ardhini. Watu hufunga waya wa athi kwenye fremu wakadhani wamemaliza. Waya huo waishusha chaji ya fremu tu. Mafuta yaliyomo ndani ya chupa ya plastiki bado yana yake, nayo huweza kuruka kama cheche. Kwa hiyo dawa ni kujaza polepole: ingiza hosipaipu hadi karibu na sakafu ya tangi ili mafuta yasianguke kama mvua, na uweke mwendo usiozidi mita moja kwa sekunde mpaka ncha ya hosi ifunikwe. Kwa hosi ya inchi mbili, hiyo ni kama lita 120 kwa dakika. Hatari zaidi ni kutia dizeli kwenye tangi lililokuwa na petroli au kiyeyushi, kwani mvuke wa zamani uko ndani ukingoja cheche. Hiyo ni sababu nyingine ya kutogusa matangi yasiyo na lebo.

Usijaze hadi mdomoni. Dizeli ikipata joto hupanuka: lita 950 zikipanda nyuzi 15, kutoka asubuhi ya mvua hadi jua la saa nane, huongezeka karibu lita 12. Ishia lita 950 na uhakikishe kipumulio cha kifuniko hakijazibwa kwa tope au kwa gundi ya fundi. Tangi likae kivulini, kwa ajili ya plastiki na kwa ajili ya dizeli yenyewe, maana mwanga na joto huifanya iwe nyeusi na kuweka utando. Usiunganishe koki za shaba au mabomba ya mabati yakakaa na dizeli siku nyingi, kwani shaba na zinki huharakisha kuharibika huko. Na kwa unyevu wa pwani yetu, hewa inayoingia usiku kupitia kipumulio huacha maji ndani. Maji hukaa chini, na pale maji na dizeli zinapokutana humea vijidudu vinavyotengeneza ute wa kuziba filta. Kila wiki fungua valvu, chota lita ya kwanza kwenye chupa ya kioo, iache itulie dakika kumi. Ukiona mstari, sehemu ya chini ni maji. Endelea kuchota mpaka mstari upotee. Kati ya tangi na lori weka pampu yenye filta ya kutenga maji. Dizeli isikae zaidi ya miezi mitatu bila kutumika.

Chini ya matangi jenga beseni la saruji. Kanuni inayotumika ni kuwa lizuie asilimia 110 ya tangi kubwa, au asilimia 25 ya matangi yote pamoja, lililo kubwa kati ya hayo. Kwa matangi mawili ni lita 1,100. Beseni la mita 3 kwa mita 1.6 ndani, ukuta sentimita 30, lina lita 1,440. Ukitoa nafasi inayoliwa na paleti na tangi la pili bado watosha. Valvu zielekee ndani kabisa, zisiwe ukingoni. Usitoboe tundu la kutolea maji ukutani, kwani siku ya kuvuja ndilo litakaloachwa wazi. Na liezekwe. Mvua ya Mei ya milimita 100 kwa siku huingiza lita 480 kwenye beseni la ukubwa huo, yaani thuluthi nzima ya nafasi yako imekwenda, na maji hayo yakiwa na utando wa mafuta huna ruhusa ya kuyapiga teke mtaroni. Mitaro ya upande huo huishia kwenye hori, kwenye mikoko.

Tuje Turkana. Hapa jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya plastiki pekee. Kusafirisha na kuuza mafuta kwahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, chini ya Sheria ya Petroli ya 2019, na lori lenyewe lihitimu. Mwanakandarasi anayejua kazi yake ataagiza lori la mafuta lenye leseni. Lakini hata leseni ungekuwa nayo, safari yenyewe ni kali kwa tangi la aina hii. Wachimbaji walipoleta mafuta ghafi ya Lokichar, huko Turkana, hadi Changamwe hapa Mombasa, kabla ya shehena ya kwanza kusafirishwa nje Agosti 2019, walitumia matangi ya chuma yenye kinga ya joto ndani ya fremu za kontena, kwa kuwa mafuta yale yana nta nyingi na huganda yakipoa. Dizeli haina shida hiyo. Shida yake ni mlima.

Ukipakia Miritini uko karibu usawa wa bahari. Ukifika Timboroa, kwenye nyanda za juu njiani, uko zaidi ya mita 2,700 juu, na kanieneo ya hewa, presha kwa lugha ya gereji, imepungua kwa takriban robo. Hewa uliyofungia ndani ya tangi Mombasa yataka kutanuka. Kipumulio kikiwa kimeziba, chupa huvimba hadi kubana fremu, na mafuta hutafuta pa kutokea: kifuniko au ile raba ya valvu. Dereva akiona limevimba, akafungua kifuniko kidogo "lipumue" kisha akakaza, basi akishuka kuelekea Marich na Kainuk, upande wa Turkana, hewa ya nje huliminya tangi likaingia ndani kama kopo lililokanyagwa, na mashavu ya plastiki hukunjika kwenye pembe zile zile zenye mikwaruzo. Ongeza matuta. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu mawimbi ya ndani hugonga ukuta kila breki. Likijaa dizeli lina karibu kilo 860 pamoja na uzito wake. (Kostiki soda ya asilimia 50 ingekuwa zaidi ya kilo 1,500 kwa tangi lile lile, ndiyo maana foklifti iliyozoea dizeli huinua tako ikipewa kostiki.)

Na maji ya nyumbani? Hapana kwa yote sita, ndugu yangu, hata ya kuogea watoto. Kwa hayo matatu yasiyo na lebo sababu nimeshaitoa. Kwa yale yenye lebo, huna njia ya kujua kama kabla ya kostiki au asidi hayakubeba kitu kingine, kwa kuwa lebo huonyesha shehena ya mwisho tu. Juu ya hayo, plastiki nyeupe hupitisha mwanga na maji humea mwani kabla mfereji haujarudi. Nunua tangi jeusi la maji la dukani.

Hivi ndivyo ningeyagawa. Yale mawili ya 1824, kama kibati kiko ndani ya miaka mitano na kitambaa cheusi kimetoka safi, ndiyo ya dizeli yako ya yadini, baada ya kubadilisha raba. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani iliyofunga pembeni na viatu vya gambuti. Kostiki ikikugusa utahisi utelezi kama sabuni. Huo utelezi ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni, kwa hiyo usingoje iwashe. Tiririsha maji dakika 20, na ikiwa ni jicho endelea kutiririsha ukiwa njiani kwenda hospitali. Suuza tangi mara tatu kwa lita 80 hivi kila mara, ukilitikisa juu ya paleti, maji yakiingia kwenye mapipa. Kisha chovya karatasi ya kupimia asidi, ya kununua duka la vifaa vya maabara. Isome 7, yaani si asidi wala kostiki. Ikisoma juu ya hapo, rudia, kwani kostiki iliyobaki hutengeneza sabuni na dizeli na kukuzibia filta. Baada ya hapo likauke kabisa.

Lile la 1789 lisuuzwe vivyo hivyo kwa maji matupu, kwa mapipa yake peke yake. Usimwage maji yake ya kwanza kwenye pipa la kostiki ukidhani vitauana. Vitauana kweli, lakini kwa joto la kuruka usoni. Likifika 7 litumie kuoshea malori. Angalia pia fremu chini ya valvu, maana asidi hula mabati, na fremu iliyolika haiwezi kubeba tani. Maji ya mapipa yote mpe mchukuzi wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na kabla ya kuanza pita ofisi ya zimamoto ya kaunti uwaulize kuhusu hifadhi ya dizeli mahali ulipo.

Matatu yasiyo na lebo yarudishe leo, yakiwa yamefungwa. Usiyafungue kuonja harufu zaidi, wala usimruhusu mtu kuyakata kwa grainda ili apate beseni la ng'ombe, kwani mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka kwa cheche. Mdai muuzaji karatasi ya usalama ya kila kemikali. Akishindwa kuitoa, au ukigundua mabaki ya lebo yenye namba 1790, usiyakaribie matangi hayo. Namba 1790 ni asidi ya haidrofloriki, ambayo huingia hadi mfupani na maumivu yakaja saa kadhaa baadaye. Kama imemgusa mtu, osha kwa maji mengi na mkimbize hospitali hata kama asema haumwi, na namba hiyo 1790 mtajie daktari mlangoni.